Mvumaji na Mkate wa Eloy

Adhuhuri ya Sikukuu ya Wafu, saa ambayo wafu hurudi nyumbani kula, ndege mvumaji aliingia ndani akasimama hewani juu ya mkate wenye uso wa Eloy.

"Usimfukuze," Basilia akamnong'oneza dada yake. "Amefika."

Saturnina alikuwa ameshika upawa. Akauweka chini. Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu lori la machimboni litumbukie korongoni na mwanawe Eloy ndani. Wenzake wote walizikwa. Yeye hata kiatu chake hakikuonekana. Miaka miwili Saturnina alikataa kumwandalia meza. Majirani wakimbishia, aliwaonyesha wavumaji wa kwenye ukuta wake, ambao usiku huganda wakawa baridi kama kokoto, na jua likiwagusa wanaruka zao. "Mnajuaje kama Eloy naye hajaganda tu mahali?"

"Dada, kwa ubishi wewe unamshinda punda," Basilia alimwambia wiki ile. "Mwaka wa tatu ndio wa mwisho. Usipomlisha na kumuaga, atatangatanga milimani na njaa yake."

Basi akaoka. Na sasa ndege alizamisha mdomo kwenye maji ya sukari, akanywa kwa pupa kama Eloy akitoka malishoni. Saturnina akaketi sakafuni, akalia kilio chote alichokuwa amekizuia. Akamweleza kwamba jike lake jeupe la alpaka limezaa, kwamba kitanda chake hajakilalia mtu, kwamba yeye mama yake amechoka kungoja.

Kesho yake adhuhuri wakamsalia, wakamuaga. Ndege akatoka. Basilia akafunga mizigo yake awahi kushuka bondeni kabla ya theluji.

"Sasa ndiyo kazi," akaonya. "Mfu aliyezoea nyumbani hurudi akabisha hodi. Atakulilia, atakuapia kwamba yu hai. Ukimfungulia, umemnyima pumziko milele. Kama unampenda, dada, usifungue."

Jioni, theluji ikianguka, mlango ukagongwa.

"Mama, ni mimi, Eloy. Nifungulie, baridi inaniua."

Mkono wa Saturnina ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Akauondoa. Akaegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango, machozi yakimtiririka.

"Nenda, mwanangu. Umeshakula, umeshakunywa. Nenda ukapumzike."

"Mama, niko hai."

Akaziba masikio, akamwimbia wimbo aliokuwa akimbembelezea utotoni, akaurudia na kuurudia mpaka nje kukawa kimya. Akamshukuru Mungu kwamba mtoto amekubali kwenda. Akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu lori lile lianguke.

Asubuhi akafungua mlango. Jua lilikuwa linapanda ukutani. Mvumaji aliyeganda kwenye kizingiti cha juu akatikisika, akafumbua macho, akaruka. Chini yake, mkongojo ukiwa kwapani na theluji imemjaa mapajani, Eloy alikuwa ameegemea ukuta. Jua likamgusa naye usoni, likapanda, likapita, wala hakuamka.