Mashine ya Siku za Mvua

Mashine ya kufulia iliruka, ikagonga ukuta, ikaunguruma kama ng'ombe aliyekwama kwenye matope, kisha ikanyamaza na maji yake tumboni. Taa zikabaki zikipepesa.

"Si nilikuambia?" Rodah alimwambia fundi. "Ndiyo hiyo kazi yake. Kuringa tu."

Orina, fundi aliyekuja kwa pikipiki kutoka mjini Kericho, alichutama kando ya mashine. Aliweka pima maji juu ya kifuniko, akachungulia, akatikisa kichwa. Alikuwa mtu wa polepole, na siku hiyo Rodah hakuwa na haja na mtu wa polepole.

Mvua ilikuwa imenyesha Sosiot tangu alfajiri. Vikapu vya majani chai vilikuwa barazani, vimelowa chapachapa, na lori la kiwanda lilikuwa njiani kuja kuyachukua kwenye kituo cha kununulia chai. Juzi, Mosoti, karani wa kituo, alitia mkono kwenye kikapu cha Rodah mbele ya wanawake wote, akafinya, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Hii ni majani ama ni supu?" aliuliza.

Watu wakacheka. Majani yakarudishwa nyumbani, yakageuka mekundu, yakatupwa. Rodah aliapa kwamba hatachekwa tena pale kituoni.

Kiptanui, mume wake, alichungulia mlangoni, kikapu mgongoni. "Mama Phyllis, bado?"

"Bado! Kwani huoni mtu ako kazini? Rudi huko nje." Akamkazia macho mpaka mzee akarudi barazani na kikapu chake.

"Si mzee atangulie tu kituoni?" Orina alisema. "Mimi nitamaliza pole pole."

"Hatangulii. Na hiyo pole pole yako uipunguze."

Orina akajikuna kidevu. "Ilianza kusumbua lini?"

"Mvua ilipoanza."

"Lakini watu hufua jua likiwaka, Mama."

"Huku kwetu ukingoja jua utaenda kanisani uchi."

Orina alicheka, akavuta kisanduku cha sabuni. Buibui aliyekuwa amejenga humo akatoka mbio kama mpangaji aliyesikia sauti ya mwenye nyumba.

"Sabuni mimi huweka na mkono," Rodah alisema haraka.

Mashine hiyo ilinunuliwa na binti yao Phyllis, anayefanya kazi Nairobi, ili mama apumzishe mgongo. Kila akipiga simu anauliza kama inatumika ama imegeuzwa meza ya kuwekea sufuria. Rodah humjibu ukweli mtupu: mvua ikinyesha tu, anaiwasha.

Akampa fundi chai ili mkono uende haraka. Ikawa ni makosa. Orina aliweka spana chini, akashika kikombe kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa kidogo, akapuliza tena, akaanza kusifu maziwa. Rodah alisimama juu yake akihesabu moyoni kila funda.

Hatimaye Orina alilala chini sakafuni, akafungua pampu. Maji yakamwagika. Akaingiza kidole, akachokora, akatoa donge la kijani lililokaribia kuwa jeusi. Akalinusa.

"Mama, hapa unafua nini?"

"Nguo. Nguo za kuchumia majani. Si unajua vile mifuko ya aproni hujaa takataka?"

Orina aliangalia beseni la nguo ambalo Rodah alikuwa amelisogeza karibu na mashine aliposikia pikipiki ikiingia. Juu kabisa kulikuwa na shati la kanisani la Kiptanui, na mstari wa pasi ulikuwa bado umesimama kwenye mkono. Rodah alihisi shingo ikimchoma.

Ng'ambo ya bonde, lori likapiga honi.

"Mama Phyllis!" Kiptanui aliita kutoka nje.

"Nimesikia, sina pamba masikioni! Fundi, utaimaliza leo ama utaimaliza mwaka ujao?"

Orina alirudisha pampu, akazungusha miguu ya mashine mpaka ikakaa sawa, akaiwasha. Pampu ikavuta, maji yakaenda, pipa la ndani likaanza kuzunguka, likakazana, likawa linalia wimbo mmoja mwembamba bila kugonga ukuta. Ungeweza kuweka yai juu yake.

Rodah hakutabasamu hata. "Imepona. Asante, fundi. Enda sasa mvua isikushike."

"Imenishika tayari. Sikiza, Mama. Usijaze pomoni. Sambaza mzigo pande zote. Ukimaliza, acha kifuniko wazi, ipumue."

"Nimesikia, nimesikia."

Alimbebea mfuko wa spana yeye mwenyewe, akamharakisha uani kama anayefukuza kuku. Orina akavaa helmeti, akapanda pikipiki, akapiga kiki. Halafu akaizima tena.

"Mama Phyllis."

"Nini tena, jameni?"

"Kwetu Kisii, mama yangu pia alikuwa anamwaga majani chai ndani ya mashine hivyo hivyo, yanaziba pampu. Siku hizi anayafunga kwanza kwenye neti ya mbu ya zamani, ndio anayakamua. Karani akifinya kikapu, hapati hata tone."

Akapiga kiki, akaenda zake.

Rodah alisimama kwenye mvua kidogo, mdomo wazi. Kisha akageukia baraza.

"Baba Phyllis, leta vikapu! Na hiyo neti ya kitandani, ifungue!"