Bati la Nuhu

Hodi ya mgeni ilimkuta Zamda akikaribia kufunga injini ya gari lake la mashindano. Mama asiyemjua akafungua furushi la kanga, akatoa bati lenye matundu.

“Marehemu mwanangu Nuhu alikutengenezea hili. Alisema ulimwahidi utalifunga chini ya krenki, oili isirushwerushwe.”

“Nilimwahidi, mama.”

Akalijaribisha. Krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ikalikwaruza. Kulirekebisha kungemchukua siku nzima, na mbio alizozingoja mwaka mzima zilikuwa kesho.

“Liache, mwanangu, uwahi.”

“Mbio zitakuwapo nyingine. Bati la Nuhu ni hili tu.”

Kesho yake magari ya mbio yalinguruma kwa mbali. Zamda akazungusha krenki kwa mkono, haikugusa kitu. Mwanga ukapenya matundu, ukaelea juu ya chuma kwa vitone, na yule mama, aliyerudi kutazama, akavifuata kwa kidole.