Kidani cha Nasra

Kila mfanyakazi wa kiwanda huvaa kidani cha ukweli, nacho hakifunguki mpaka mkataba uishe. Ukisema kweli, kinawaka kijani. Ukidanganya, kinawaka chekundu.

Ijumaa, kwenye kikao cha usawa wa jinsia, meneja Kilango alimgeukia Nasra, fundi mkuu pekee mwanamke.

"Dada Nasra, nilikupandisha cheo ili picha za pale mapokezi zipendeze. Kazi yako sijawahi hata kuiangalia."

Kidani cha meneja kikawaka kijani. Ukumbi mzima ukampigia makofi kwa uwazi wake.

"Na wewe, dada, umeumia?" Kilango akamuuliza.

"Hata kidogo."

Cha Nasra kikawaka chekundu. Akapewa onyo la kukosa uaminifu.

Jumamosi asubuhi alikuwa akimsuka binti yake, Shani, aliyekaa chini katikati ya magoti yake, ameshika kioo.

"Mama, nami nikijua kazi watanipa ufundi mkuu kama wewe?"

Vidole vya Nasra vilisita kwenye nywele. "Watakupa, mwanangu. Wataangalia kazi yako tu."

Shani alikitazama kidani cha mama yake kwenye kioo, kisha akakilaza kioo kifudifudi mapajani.

"Haya mama, suka tu."