Skrubu za Vibanio

"Viatu vimenibana," mwanamke alilalamika.

Notburga, mwenye duka, alikuwa amepiga magoti mbele yake. "Viatu vya skii lazima vibane, dada. Hebu kunja magoti. Vidole vinarudi nyuma?"

"Vinarudi."

"Basi ndivyo vyenyewe."

Mume alisimama pembeni na skii walizochagua, mbao za kutelezea thelujini zinazomfikia mkewe kidevuni. Skii zake mwenyewe, ndefu zaidi, alikuwa amezileta zipakwe nta, nazo ziliegemea ukuta.

"Vibanio vyake kaza mpaka mwisho," alisema. "Huyu kazi yake kuanguka. Skii zikimtoka, mimi ndiye wa kuzikimbiza bondeni."

Notburga akainua macho. Huko Tirol, kwenye milima ya Austria, hata mtoto anajua kwamba anayeanguka ovyo hulegezewa vibanio vinavyoshika kiatu kwenye skii, ili skii iachie kiatu kabla mguu haujavunjika. Na bwana huyu alikuwa amevaa jaketi jekundu la walimu wa skii.

"Sawa, bwana," alisema kwa upole. Akampa mgongo, akashika bisibisi, akazigeuza skrubu ndogo za vibanio upande wa kulegeza.

Mume akatoka kupasha gari moto. Mwanamke akainama kana kwamba anafunga kiatu, mdomo wake karibu na sikio la Notburga.

"Nimekuona ulivyolegeza. Asante, dada."

Kisha akanyoosha mguu, na kwa ncha ya kiatu kipya akazigusa zile skii ndefu ukutani.

"Hizi za kwake," alinong'ona, "kaza mpaka mwisho."