Jina la Anayemtunza

Kwa sheria mpya ya bima, kadi haitolewi mpaka mzee mwenyewe amtaje kwa jina anayemtunza, na bila kadi dawa za moyo hazipatikani.

“Bibi, huyu ni nani?” karani aliuliza.

Bi Mashavu alimtazama binti yake, Riziki, aliyepiga magoti akimfunga kamba za kiatu.

“Simjui. Ila mikono yake mipole. Ndiye anayeniogesha.”

“Mama, ni mimi!”

“Pole, dada,” karani alisema, akalikata jina la Riziki kwenye fomu. “Ndivyo tulivyoagizwa.”

Bi Mashavu akamsogelea karani, akamnong’oneza. “Mwanangu, mruhusu aende kwao. Mama yake atakuwa anamngoja.”

Riziki alizifungua zile kamba, akaanza kuzifunga upya.