Mfuko Mweusi wa Wifi

Nilimkuta wifi yangu amechuchumaa karibu na mlango wa supamaketi ya bei chee, akihamisha vitu alivyonunua. Mchele, mafuta, biskuti za pakiti iliyobonyea, vyote vilitoka kwenye mfuko wa njano wa pale na kuingia kwenye mfuko mweusi wa lile duka la wenye nazo. Mfuko mweusi ulikuwa umekunjwa na kukunjuliwa mpaka nembo yake ya dhahabu imepukutika.

Juzi tu, mezani kwa mama mkwe, aliisukuma sahani niliyompakulia. "Wifi, mchele wa bei ya kutupa kuleni huko kwenu. Mama hajazoea makapi." Mume wangu akajitia hasikii.

Sasa, pale mlangoni, wifi aliinua uso, akaganda.

"Wifi, tafadhali. Yasifike kwa Mama."

Mdomo uleule. Nikainama, nikarudisha kila kitu kwenye mfuko wa njano, taratibu, nikaufunga fundo. Ule mweusi nikautia kwapani.

"Yasifike wapi? Mama yuko hapo nje kwenye gari, nimemtoa kliniki. Beba mzigo wako, twende ukamsalimie."