Balozi wa Jumamosi

Wakili wa kampuni alikuja na majalada manne. Karani aliyefukuzwa kazi alikuja na dadu moja ya pande ishirini. Alikuwa ameifumbata kwenye kiganja.

"Mdai," alisema Mwenyekiti wa baraza la kazi, mwanamke wa makamo mwenye miwani na kalamu mbili, "utajisemea mwenyewe au una mtu wa kukusemea?"

Miezi saba nyuma swali hilo lingemmaliza. Neno "mwenyewe" tu lingemchukua nusu dakika: midomo imebana, shingo imekakamaa, macho yanatafuta mlango. Kigugumizi alizaliwa nacho. Kwa miaka kumi na moja hakikumzuia kubandika lebo kwenye chupa za damu pale maabara, wala kupanga majibu ya vipimo kwa tarehe. Wenzake walimwita Redio, kwa kuwa hakushika stesheni, naye alicheka pamoja nao.

Kisha akaja meneja mpya, akamwekea simu mezani. Wateja walipiga, wakasikia pumzi, wakakata.

"Ukitaka, unaongea," meneja alimwambia mbele ya watu. "Unajifanya tu." Wale waliocheka naye miaka yote ghafla wakawa na kazi nyingi. Wiki ya tatu alipewa barua: amefukuzwa kwa jeuri, anawanyamazia wateja makusudi.

Alitaka kazi yake. Zaidi ya hapo, alitaka neno "jeuri" lifutwe.

Alikwenda maktaba kutafuta kitabu cha sheria za kazi, akaandika jina la kitabu kwenye kipande cha karatasi kwa sababu kulitamka hakuweza. Mkutubi alisoma karatasi, akamtazama, akaleta kitabu.

"Njoo Jumamosi alasiri, dada. Chumba cha nyuma. Tumepungukiwa na mtu mmoja."

Ulikuwa mchezo wa kuigiza wa mezani. Ramani moja, dadu chache, kila mchezaji na mhusika wake, anayemsemea kwa kinywa chake. Mkutubi anasimulia, dadu inaamua. Fundi saa, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa akizungumza na saa tu, alikuwa jambazi mwenye maneno mengi. Muuguzi mstaafu, aliyeikimbia hesabu tangu shuleni, sasa alipiga hesabu za mishale kichwani kabla wengine hawajashika penseli. Karani alipewa Balozi, msemaji wa mji uliozingirwa.

Jumamosi ya kwanza alirusha dadu tu. Ya nne, adui akiwa langoni, Balozi alisimama akasema dakika tano nzima bila kukwama popote.

"Balozi hana kigugumizi," mkutubi alisema taratibu.

"Ha-ha-hana," karani alijibu, na wote wakaangua kicheko, yeye wa kwanza.

Tangu siku hiyo mji uliozingirwa ukasahauliwa, wakawa wanaigiza kesi yake. Mkutubi akawa mwenyekiti wa baraza, fundi saa akawa wakili wa adui, na hakumhurumia. "We mama, ulimi umeuacha nyumbani?" Balozi alimjibu kifungu kwa kifungu, mpaka muuguzi akapiga meza kwa raha.

"Siku ya kesi," mkutubi alimwagiza, "usiende wewe. Mtume Balozi."

Sasa Balozi alisimama.

"Nitajisemea mwenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Alisema kwa dakika arobaini. Alitaja tarehe, akataja vifungu kwa namba. Alieleza simu ilivyoletwa, alivyoomba kwa maandishi arudishwe kwenye lebo, na ombi lilivyorudi bila jibu. Sauti yake ilifika benchi la mwisho, walikokaa wale watatu wa Jumamosi. Fundi saa alikuwa akilia bila kuficha.

Jambo moja tu hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Wakili hakumkatiza hata mara moja. Alimmiminia maji kwenye glasi, akaisogeza karibu naye.

"Endelea, mama. Usiwe na haraka."

Alipomaliza, Mwenyekiti alipekua karatasi zake. "Cheti cha daktari kuhusu hali yako kipo?"

"Hakipo, Mheshimiwa. Sijawahi kukihitaji. Mtu akizungumza nami dakika moja tu, haniulizi cheti."

Muuguzi alimfinya mkutubi goti. Jibu safi kama hilo hawakuwahi kulipata hata mezani.

"Wakili, una maswali kwa mdai?"

"Sina hata moja." Alikuwa ameshaanza kurudisha majalada kwenye mkoba.

Baraza lilitoka, na baada ya robo saa likarudi. Karani alibaki wima, dadu mkononi, kidevu juu, kama Balozi anayesubiri lango lifunguliwe.

Mwenyekiti alisoma bila kuinua macho.

"Mdai anasema hakuwanyamazia wateja kwa jeuri, bali kwa kigugumizi alichozaliwa nacho. Baraza limemsikiliza kwa dakika arobaini. Hakuna kigugumizi kilichosikika. Dai limetupwa."

Dadu ilimponyoka, ikabingirika hadi chini ya meza ya wakili. Karani alishika ukingo wa meza. Midomo ikabana, shingo ikakakamaa.

"Mhe— mhe-mhe— m-m-m—"

Mwenyekiti alifunga jalada, akavua miwani.

"Mama," alisema, "usituigizie hapa."